Tumepewa hela ya kutengeneza app ya wakulima ila wengi wana kitochi, tuanzie wapi?

Mshika daftari

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo kwa wale mliowahi kufanya hizi kazi za kilimo na simu, maana hapa nilipo nimekwama.

Mimi ndo naweka kumbukumbu za umoja wa wakulima, wakulima wadogo wa mahindi, wengi shamba halifiki hata hekta moja. Kuna wafadhili wametukubalia hela kidogo ya mradi wa kilimo cha kidijitali, na kwenye andiko tuliahidi app yenye bei za soko, hali ya hewa, ushauri wa wadudu, duka la pembejeo, yaani kila kitu mle mle. Tulipokuwa tunaandika ilisikika vizuri kweli. Sasa wiki iliyopita nimekaa na daftari nikawapigia wanachama mmoja mmoja, swali moja tu, unatumia simu gani, na niseme ukweli nimeishiwa nguvu. Wengi ni kitochi. Wale wa simu janja wengine kioo kimepasuka, wengine memori imejaa picha, bando ananunua la siku siku pale anapokuwa na jambo. Na akina mama kadhaa namba iliyopo kwenye daftari sio yao, ni ya mume.

Kingine kilichoniumiza. Kuna mama alinionyesha meseji za mradi uliopita, alikuwa hajafuta hata moja, zimepangana pale. Moja inasema nyunyiza ml 500 kwa hekta. Akaniuliza, mwanangu, hiyo ni vifuniko vingapi kwenye bomba langu la lita 16, na shambani mimi napiga mabomba matatu yanatosha, kwahiyo kila bomba niweke nini? Nikakaa na kikokotoo cha simu karibu robo saa, na bado ilibidi niende nikapime kifuniko chenyewe kinabeba ml ngapi. Yeye alikuwa anasubiri jibu hilo tangu msimu uliopita. Msimu mzima!

Kwahiyo naomba kuuliza: kwa hali hii tuanze na nini? Meseji za bei zinasaidia kweli au ni mazoea tu ya miradi? Na wale wasiosoma tunawafikiaje?

Bwana shamba wa zamani

Ndugu Mshika daftari, kwanza hongera kwa kupiga hizo simu, miradi mingi haifanyi hivyo mpaka hela inaisha.

Kabla ya app au sio app jiulize hivi: mkulima wako kesho asubuhi ana uamuzi gani mkononi, na ukimpa taarifa atafanya nini tofauti? Ukikosa jibu hapo usitume kitu.

Nikupe mifano miwili, yote ya India. Jimbo la Kerala, wavuvi. Mwaka 1997 simu za mkononi zilikuwa ndo zinaingia, mvuvi anatoka baharini anarudi ufukwe wake wa siku zote bila kujua kama kuna wanunuzi. Tarehe 14 Januari mwaka huo wavuvi 11 pale Badagara walimwaga samaki wao kwa kukosa mnunuzi, na siku hiyo hiyo ndani ya kilomita 15 kulikuwa na wanunuzi 27 wanaondoka mikono mitupu. Huu mfano ameuweka Robert Jensen kwenye utafiti wake wa 2007. Minara ilipofika mvuvi akawa anapiga simu akiwa bado majini, anauliza kule kukoje, anageuza boti. Samaki wa kumwagwa wakaisha, faida ya mvuvi ikapanda karibu 8% na bei kwa mlaji ikashuka kama 4%.

Sasa nenda Maharashtra, nchi hiyo hiyo. Kulikuwa na huduma ya Reuters Market Light, inamtumia mkulima bei na hali ya hewa kwenye simu. Watafiti Fafchamps na Minten wakaipima kwenye vijiji 100, matokeo yakatoka 2012: bei anayopata mkulima haikubadilika kwa maana yoyote, na hata hasara ya mvua haikupungua.

Simu ilikuwepo kote kuwili. Tofauti ni kwamba mvuvi ana boti na anaweza kuigeuza. Mkulima wako ana gunia tatu, hana usafiri, ana deni la mbolea, na dalali yuko mlangoni. Ukimtumia meseji kwamba soko la mbali bei ni nzuri unakuwa umemuongezea uchungu tu, kwasababu anajua anaibiwa na hana la kufanya. Bei itamsaidia pale mtakapokuwa mmekusanya mzigo pamoja, mna ghala, na mnaweza kusema hapana.

Fundi wa mitambo

Mkuu hapo juu umeongea kitu kizito. Mimi niingie upande wa ufundi maana nimejenga hizi huduma miaka kadhaa.

App ya simu janja kwa wanachama wa kitochi iweke pembeni kabisa. Una njia tatu. Ya kwanza meseji, nafasi ni herufi 160, na hapo ndo inapotokea ile "ml 500 kwa hekta" kwasababu mwandishi anabana maneno mpaka maana inatoka. Uzuri wake inabaki kwenye simu, kama huyo mama alivyozitunza. Ya pili USSD, zile menyu za nyota na reli, haihitaji bando na inafanya kazi simu yoyote, ila ukurasa mmoja ni herufi 182 na ukichelewa kujibu inakatika unaanza upya. Nimewahi kukaa na mzee mmoja anajaribu kujisajili, anavaa miwani, anasoma polepole, anafika hatua ya nne inakatika, mara tatu mfululizo. Ya nne akanirudishia simu kimya. Tangu siku hiyo sijatengeneza menyu inayozidi hatua tatu, na USSD naitumia kwa vitu vifupi tu kama kuangalia salio au kuthibitisha oda.

Ya tatu ndo ninayoipenda, sauti. Mkulima anapiga namba, anasikia lugha yake, anabonyeza 1 wadudu, 2 mbolea, basi. Anayesoma na asiyesoma wote wako sawa. Ethiopia wameifanya kwa ukubwa, namba 8028, ilianza 2014, kupiga ni bure, walianza na Kiamhari, Kioromo na Kitigrinya, na ugonjwa kama kutu ya ngano ukizuka wanawasukumia watu tahadhari kwa sauti badala ya kusubiri wapige. India napo Gujarat kulikuwa na Avaaj Otalo, wakulima wa pamba wanauliza swali kwa sauti yao na mtaalamu anajibu, na wenzao wanaweza kusikiliza swali na jibu. Walioipima walikuta wakulima wameanza kuacha dawa zenye sumu kali zisizosaidia na kuhamia zinazofanya kazi. Hilo sio dogo, hapo unazungumzia mapafu ya watu.

Suala la gharama: usimlipishe mkulima. Mwache abipu, mtambo unakata halafu unampigia. Kila mtu anajua kubipu, hahitaji semina.

Mkulima na mwanangu mgongoni

Jamani mimi naomba niseme kama mama. Mmeongea vizuri sana kuhusu simu lakini Mshika daftari kasema namba za akina mama ni za waume zao na wote mmepita hapo kama hamjaona.

Kwetu palizi nafanya mimi, kuangalia wadudu naangalia mimi, mbegu nachagua mimi. Simu inatembea na baba. Meseji ikiingia saa nne asubuhi yeye yuko kwenye shughuli zake, jioni anarudi amesahau au hajaona umuhimu, na sio kwamba ni mtu mbaya, ila taarifa ya palizi ukimpa mtu asiyepalilia itaishia kwake. Kwahiyo hata hiyo sauti itapigwa kwenye sikio lisilo lenyewe.

Kilichonifikia mimi ni video. Alikuja dada mmoja na projekta ndogo inayotumia betri, tukakaa akina mama ukutani pale jioni, na kwenye video sio mtaalamu wa koti jeupe, ni mkulima mwenzetu tunayemjua yuko kwenye shamba lake anaonyesha nafasi za kupandia kwa kamba yenye mafundo. Yule dada anasimamisha video kila baada ya muda kidogo anauliza mmeona nini hapo, nani ameshajaribu. Mtu akibisha anabisha hapo hapo. Nilirudi nyumbani nikatafuta kamba nikapiga mafundo. Huu utaratibu nilikuja kuambiwa ni wa Digital Green, ulianzia India, shirika tangu 2008, na siri yake ni huyo anayesimamisha video, sio projekta.

Kwahiyo kaka yangu kabla hujanunua mtambo wowote, tafuta namba au njia ya kuwafikia akina mama wenyewe, hata kama ni kikao cha wiki mara moja na spika moja ya bluetooth.

Bwana shamba wa zamani

Mama umenisahihisha na nakubali. Nimetembelea mashamba miaka mingi na kweli aliyekuwa ananijibu maswali ni baba, na aliyekuwa na majibu ni mama aliyesimama nyuma.

Mchuuzi wa nafaka

Mimi natofautiana kidogo na bwana shamba kuhusu bei, na mimi ndo hao mnaowaita madalali. Mnatuweka wote kapu moja.

Niger, mtafiti Jenny Aker aliangalia masoko ya nafaka miaka ambayo simu zilikuwa zinaenea, 2001 mpaka 2006, akakuta tofauti ya bei kati ya soko na soko imepungua kwa 10% hadi 16%. Nani aliyefanya hivyo? Wafanyabiashara. Sisi ndo tuliokuwa tunapiga simu masoko mengi zaidi na kupeleka mzigo kunakohitajika. Sasa mnunuzi wa soko lenye uhaba anapata nafaka, hilo nalo ni jambo. Kwahiyo simu ikimfikia mfanyabiashara tu bado inafanya kazi, ila haijamfikia mkulima, hapo nakubali.

Ushauri wangu, kama mnataka tuheshimiane na nyie, nunueni mzani wenu wa umoja uliohakikiwa, andikeni uzito na unyevu wa nafaka, na kila mwanachama apate meseji ya kilo zake siku hiyo hiyo mzigo unapopimwa. Mimi nikija nakuta mzigo wa pamoja, uzito unajulikana, nalipa kwa simu, hakuna maneno. Ninapoteza muda mwingi sana kubishana kilo kuliko kubishana bei. Hiyo meseji moja ya uzito ina faida kuliko meseji mia za bei za masoko ambayo hamtafika.

Mshika daftari

Asanteni sana wote, nimesoma mara mbili mbili. Mama samahani, uko sahihi, kwenye lile daftari hata safu ya "nani analima" haikuwepo, ilikuwa "mkuu wa kaya" tu. Nimeshaiongeza.

Hiyo ya mzani imenigusa maana ugomvi wetu mkubwa wa mwaka jana ulikuwa ni kilo kabisa, watu wawili hawasalimiani mpaka leo. Ila kilio cha sasa hivi ni viwavijeshi vamizi. Mahindi yako magotini na majani yameanza kutoboka. Fundi, kama tukianza na sauti, tunarekodi nini? Na zile app za kupiga picha jani ikakwambia ugonjwa vipi, wafadhili wanazipenda sana.

Fundi wa mitambo

Za picha zipo nzuri. PlantVillage Nuru kwa mfano, ya chuo kikuu cha Penn State cha Marekani na IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo, ilianza na mihogo, unaelekeza kamera kwenye jani inakutambulia batobato, michirizi kahawia au madhara ya utitiri wa kijani, na inafanya kazi bila intaneti, kitu cha maana sana shambani. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nao walitoa app ya FAMEWS 2018 kwa ajili ya hao viwavijeshi, ya kukusanya taarifa za ukaguzi. Lakini usiwape wanachama wote. Simu janja moja yenye betri nzuri, kwa mtu mmoja kila kitongoji anayeaminika, yeye ndo anazunguka. Uganda waliwahi kufanya hivyo na shirika la Grameen Foundation kuanzia 2009, mkulima mwenzao anakuwa na simu na wengine wanamuuliza yeye. Mtu kwanza, simu baadae.

Cha kurekodi namuachia bwana shamba.

Bwana shamba wa zamani

Rekodi fupi fupi, kila moja isizidi dakika moja na nusu, kitu kimoja tu ndani yake.

Ya kwanza, kumtambua. Kiwavi ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yamekaa kama mraba karibu na mkia. Sema hivyo hivyo, rudia mara mbili. Watu wengi wanapiga dawa kwa kiwavi mwingine kabisa.

Ya pili, kukagua. Ingia shambani tembea kwa njia ya W, simama sehemu tano, kila sehemu angalia miche kumi, hesabu yenye majani machanga yaliyotobolewa pale juu kwenye moyo wa mche. Wadogo wanakwangua jani linabaki kama dirisha la karatasi laini, wakubwa wanajificha ndani ya moyo wa muhindi na kujiziba na kinyesi chao kinachofanana na unga wa mbao. Ukishaona unga huo dawa ya kunyunyiza juu juu haimfikii vizuri, kwahiyo ukaguzi unatakiwa uanze mapema miche ikiwa midogo, mara moja au mbili kwa wiki.

Ya tatu, kuponda mayai kwa vidole. Yanakuwa kichane kimoja kwenye jani yamefunikwa na kama manyoya. Hii haina gharama na mtoto anaweza kufundishwa.

Ya nne ndo dawa, na hapa mrudieni yule mama wa vifuniko. Chukueni dawa yenyewe inayopatikana na iliyosajiliwa, someni kibandiko, pimeni kifuniko chake, halafu rekodini "kwenye bomba la lita 16 weka kifuniko kimoja na nusu" au vyovyote itakavyotoka hesabu ya dawa hiyo. Msirekodi hesabu ya dawa moja ikatumika kwa nyingine, vifuniko havilingani. Na saa ya kupiga, asubuhi mapema au jioni, kiwavi akiwa ametoka nje kula.

Na redio msiisahau. Kulikuwa na mtangazaji wa Kanada aliyeitwa George Atkins, mwaka 1975 akiwa Zambia alikutana na watangazaji wenzake wa vipindi vya kilimo, mmoja anaandaa kipindi cha kutunza plagi za trekta wakati karibu wasikilizaji wake wote hawana trekta. Lile jambo halikumuacha, 1979 akaanzisha kazi ambayo leo ni Farm Radio International, ya kuwaandikia watangazaji mambo yanayomhusu mkulima mdogo. Kama kuna redio ya jamii inayosikika kwenu, wapelekeeni hizo rekodi nne zipigwe jioni wakati mama anapika na redio iko jikoni. Mume akiondoka na simu redio inabaki.

Mkulima na mwanangu mgongoni

Hapo kwa redio jikoni umenena baba. Na sauti iwe ya mama, tafadhali. Huyo huyo wa vifuniko kama atakubali.

Mchuuzi wa nafaka

Moja la mwisho, jihadharini na taarifa zenu. Kuna watu watakuja kuwapimia mashamba kwa GPS bure, majina, namba, ukubwa, mavuno, kila kitu, na wanaondoka nazo. Wenzetu wa kahawa na kakao sasa hivi wanunuzi wa Ulaya wanadai vipimo vya GPS vya kila shamba kwasababu ya sheria yao ya 2023 ya kuzuia ukataji misitu, na ushirika uliojichorea wenyewe unakaa mezani na ramani yake mkononi, ambao haukujichorea unamwomba mnunuzi nakala ya shamba lake mwenyewe. Daftari lako Mshika daftari ni mali ya wanachama. Kabla hujampa mtu faili yoyote pitisha kwenye mkutano.

Mshika daftari

Nimewaandikia wafadhili leo asubuhi, nimewaambia app hatutengenezi, tunaomba hela igawanywe: mzani uliohakikiwa na meseji ya kilo, namba ya kubipu yenye rekodi nne, na simu janja chache kwa wale wa vitongoji. Wamejibu wanataka tuongee kwa simu Ijumaa, hawajakataa.

Na nimeenda kwa yule mama. Amekubali kurekodi ila amesema hatasoma karatasi, atasema kwa maneno yake. Tumejaribu kwa simu yangu chini ya mwembe, mara ya kwanza kuku waliingilia, mara ya pili akasahau madoa manne. Ya tatu imetoka, dakika moja na sekunde kumi. Alivyojisikiliza akaniambia turudie pale kwenye kifuniko, nimesema haraka, aliyeko kwenye mstari atakuwa ameshika bomba mkono mmoja.

Fundi, faili limetoka kwenye simu kama m4a, mtambo wako unalikubali hivyo hivyo au nibadilishe kwanza?

Fundi wa mitambo

Badilisha iwe wav, mono, 8 kHz, ndo simu za kawaida zinavyobeba sauti. Na kabla hujanitumia isikilize kwenye kitochi ukiwa nje kwenye upepo, sio kwenye hedfoni. Ukisikia "kimoja na nusu" bila kujitahidi, nitumie.